Kumsoma mtu kwa tabasamu lake: mwongozo kamili wa kutenganisha la moyoni na la midomoni

Kazi yangu ni kupiga picha za hafla: harusi, mahafali, uzinduzi, mikutano ya mwaka. Watu hudhani shughuli yenyewe ni kushika kamera. Shughuli ni ile ya usiku, umekaa mbele ya kompyuta na picha elfu mbili za watu wanaocheka, unachagua zipi za kumpelekea mteja na zipi za kufuta. Nilipoanza nilichagua kwa mwanga, na kwa macho yaliyo wazi. Wateja wakawa wananirudishia. "Huyu si dada yangu," bibi harusi mmoja aliniambia kuhusu picha niliyoiona safi kuliko zote. Dada mtu alikuwa amekenua meno vizuri, mwanga umemwangukia sawasawa, nguo imemkaa. Bibi harusi akapekua zile nilizozitupa, akanyoosha kidole kwenye moja ambayo kichwa kimeinama na jicho limefumba nusu. "Huyu ndiye."

Hakuweza kunieleza kwa nini. Jicho lake lilijua, ulimi wake haukujua. Nimetumia miaka kutafuta maneno ya kile alichokiona yeye mara moja, nikiyatafuta kwenye picha zangu mwenyewe na kwenye kazi za waliouchunguza uso maisha yao yote. Niliyoyapata nayaweka hapa hatua kwa hatua.

Kuna jambo lazima litangulie, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Tabasamu ni tukio: linaanza, linafika kileleni, linaisha. Anayetabasamu kwa kujilazimisha huwa ameandaa kilele tu. Mwanzo na mwisho hakuviandaa, na huko ndiko utakakomkuta.

Na tuelewane pia kuhusu neno "bandia". Matabasamu mengi ya bandia ni adabu tu. Mtu amechoka, lakini hataki kukuchosha na uchovu wake, basi anakunyanyulia pembe za mdomo. Ukishika mwongozo huu ili kuwakamata watu, utawaona wanafiki kila kona na utakosea karibu kila mara.

Misuli miwili, njia mbili

Tabasamu lolote huhitaji msuli unaotoka kwenye mfupa wa shavu na kushuka kwa mshazari hadi kwenye pembe ya mdomo, mmoja kila upande. Ukikaza, pembe ya mdomo huvutwa juu na nje. Kwa kitaalamu ni zigomatiki kubwa. Hapa nitauita msuli wa shavu. Msuli wa pili ni wa duara, unalizunguka jicho kama ukingo wa kisima. Sehemu yake ya nje ikikaza, shavu hupanda, ngozi ya chini ya jicho hujikusanya, jicho hupungua, na makunyanzi hutawanyika pembeni.

Aliyeitenganisha misuli hii kwa mara ya kwanza vizuri ni Duchenne, daktari wa neva wa Ufaransa, kwenye kitabu alichokichapisha mwaka 1862. Alikuwa na mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa karibu imekufa ganzi, hivyo angeweza kupitishiwa umeme usoni bila kuumia sana. Duchenne aligusisha umeme kwenye msuli wa shavu, mdomo ukatabasamu, akapiga picha. Kisha akampiga nyingine mzee akitabasamu mwenyewe. Picha ya kwanza ilikuwa na mdomo wote wa furaha, na macho ya mtu anayesubiri foleni. Duchenne akahitimisha kwamba msuli wa shavu hutii amri, lakini ule wa jicho huitika pale tu moyo unapofurahi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1872, Charles Darwin aliandika kuhusu picha hizo. Ile ya tabasamu la kweli, kila aliyeonyeshwa aliitambua papo hapo. Ile ya umeme aliwaonyesha watu 24. Watatu hawakuelewa kabisa ni nini. Wengine waliona kwamba ni tabasamu la aina fulani, lakini wakalieleza kwa maneno kama "mzaha wa ubaya" na "anajaribu kucheka". Hakuna aliyefundishwa kitu chochote kuhusu misuli. Walikuwa na jicho lile lile la bibi harusi wangu.

Kwa nini msuli wa jicho uwe mkaidi? Kwa sababu ubongo una njia mbili za kuufikia uso. Moja hutoka kwenye eneo linaloongoza miondoko ya hiari, hilo hilo linalokuwezesha kunyanyua kidole ukiambiwa. Nyingine hutoka sehemu za ndani zaidi zinazohusika na hisia. Kwa wagonjwa, njia hizi huonekana zikiachana. Mtu aliyepata kiharusi kilichoharibu njia ya hiari, ukimwambia "nionyeshe meno", upande mmoja wa mdomo hubaki chini. Mchekeshe, na pande zote mbili zinaweza kupanda. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ukakamavu wa mwili, mara nyingi huwa kinyume chake: akiombwa atabasamu ataweza, lakini lile la kujitokea lenyewe limepungua, na watu wa nyumbani hudhani amenuna.

Kabla hujaendelea, nenda kwenye kioo. Vuta pembe za mdomo tu, macho yasihusike. Shikilia hapo. Sasa, ukiwa umeshikilia hivyo hivyo, kumbuka kitu kilichowahi kukuvunja mbavu kweli, pengine mahali ambapo kucheka hakukuruhusiwa. Utahisi shavu likiisukuma kope ya chini kwenda juu bila kuliagiza. Rudia mpaka uijue ile hisia. Kuanzia hapo utakuwa unatafuta alama zake kwa wengine.

Hatua ya 1: Ujue kwanza uso wake ukiwa umetulia

Kuna watu ambao pembe za mdomo zimeelekea juu tangu kuzaliwa, hata wakilipa deni. Kuna wenye makunyanzi ya macho ya kudumu kwa umri au kwa kukaa juani. Kuna ambao upande mmoja wa uso uko juu kidogo kuliko mwingine siku zote. Usipoyajua haya, utayasoma kama habari kumbe ni ramani tu.

Zungumza naye dakika mbili tatu kuhusu kitu kisicho na uzito. Tazama mdomo ukikaa kimya unakaaje, macho yana upana gani, anatabasamu mara kwa mara au kwa nadra. Baada ya hapo unachotafuta ni mabadiliko.

Hatua ya 2: Macho, lakini si mahali unapodhani

Ushauri unaozagaa kila mahali ni kwamba utazame makunyanzi ya pembeni mwa jicho: yakiwepo ni kweli, yasipokuwepo ni uongo. Nami niliuamini, ukanipotosha sana. Ubaya wake ni huu. Mtu akivuta mdomo kwa nguvu, hata kwa kujilazimisha, mashavu hupanda yenyewe kwa sababu nyama haina pa kwenda, na mashavu yakipanda makunyanzi hujitokeza. Kwa tabasamu kubwa, makunyanzi hayakuambii lolote.

Peleka macho juu zaidi, kwenye ile ngozi laini iliyo kati ya nyusi na kope ya juu. Msuli wa duara unapokaza kweli, ngozi hiyo hushuka kidogo na kuiegemea kope, na ncha ya nje ya nyusi huteremka pamoja nayo. Ni mwendo mdogo sana, lakini shavu haliwezi kuufanya hata lipande vipi, kwa kuwa shavu linasukuma kutoka chini. Kwa tabasamu dogo, lile la midomo iliyofumba, tazama kope ya chini badala yake: inakaza na kunyanyuka kidogo, au imelala vile vile ilivyokuwa?

Njia rahisi ya kujizoeza: chukua picha, funika mdomo kwa kidole. Jiulize, kama ningeona sehemu hii tu, ningesema anacheka? Picha ya dada wa bibi harusi ile niliyoipenda mimi, ukiifunika mdomo, ni mwanamke anayeangalia ubao wa matangazo.

Hata hivyo usiufanye msuli wa jicho kuwa hakimu. Duchenne aliamini hautii amri. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba watu wengi wanaweza kuukaza wakiamua, hasa wakiwa na mtu wa kumuiga. Waigizaji wazuri hawaukazi hata. Huikumbuka furaha yenyewe na kuuacha uso ufanye kazi yake. Jua kali nalo hukunja macho ya kila mtu. Ndiyo maana hatua ya nne ni muhimu kuliko hii.

Hatua ya 3: Mdomo unavutwa wapi

Tabasamu la furaha huvuta pembe za mdomo kwenda juu kwa mshazari, kuelekea kwenye masikio. Mdomo ukivutwa pembeni moja kwa moja kama kamba, bila kupanda, mara nyingi unaona wasiwasi au kujikaza. Tazama pia ulinganifu. La kulazimishwa huelekea zaidi kuwa na nguvu upande mmoja kuliko mwingine, lakini hii ni alama dhaifu, usiitegemee peke yake.

Midomo iliyobanwa ina maana mbili zinazopingana, na hapa wengi huteleza. Kuna anayebana midomo kwa sababu ana neno analilimeza. Macho yake hayasemi kitu. Na kuna anayebana midomo kwa sababu furaha imemjia mahali au wakati usiofaa, anapigana nayo isitoke. Kwa huyu wa pili macho yameshamsaliti: yamepungua, yanameta, mashavu yanatetemeka kwa kujizuia. Lile ni miongoni mwa matabasamu ya kweli kuliko yote. Mtu hahangaiki kuficha kitu ambacho hana. Nikilipata kwenye kamera, hiyo picha haifutwi.

Hatua ya 4: Lihesabie muda

Kamera yangu hupiga picha kumi kwa sekunde nikibonyeza bila kuachia. Miaka mingi baada ya ile harusi nilirudi kwenye faili zake nikazipanga picha za yule dada mstari mmoja, za mara mbili tofauti, nikazipitia moja moja.

Mara ya kwanza alikuwa amepangwa kwenye kundi la familia. Picha ya 1, uso umetulia. Picha ya 2, tabasamu kamili, meno yote. Yaani kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde alikuwa ameshafika, kama mtu aliyewasha taa. Kuanzia ya 3 hadi ya 31 hakuna kilichobadilika: mdomo uko pale pale, mashavu yako pale pale, unaweza kudhani kamera imekwama isipokuwa mtoto aliye mbele yake anaendelea kujikuna. Picha ya 32, nilikuwa nimeanza kuishusha kamera huku kidole bado kimebonyeza: mdomo umeshuka nusu. Ya 33 na ya 34 umesimama hapo hapo nusu. Ya 35 haupo.

Mara ya pili, mtu aliyekuwa nyuma yake alisema jambo. Picha ya 1 na ya 2, mdomo haujafanya kitu, lakini kope ya chini imeanza kunyanyuka. Ya 3 mashavu. Ya 4 na ya 5 mdomo unafunguka. Ya 7 ndiyo kilele, kichwa kimeinama, jicho limefumba nusu: ndiyo ile picha. Halafu linashuka taratibu, picha baada ya picha, bila kusimama popote. Kufikia ya 22 midomo imekutana, lakini macho bado ni membamba, na kwenye ya 24, akiwa anamgeukia mtu mwingine, bado kuna mabaki yake usoni kama joto la jiko lililozimwa.

Sijawahi kupata somo zuri zaidi ya hizo safu mbili. Ukiwa mbele ya mtu huna kamera ya picha kumi kwa sekunde, lakini jicho lako lina kasi ya kutosha kama unajua unachokiuliza. Mambo ni matatu.

Lilianzaje? La moyoni huota polepole kidogo, linakuja kwa kupanda. La midomoni hujitokeza ghafla likiwa limekamilika.

Lilikaaje? Watafiti wa Marekani Paul Ekman na Wallace Friesen, waliochapisha mwaka 1978 mfumo wa kuuorodhesha kila mwendo wa misuli ya uso kwa namba (msuli wa jicho ukikaza ni namba 6, wa shavu ni namba 12), walieleza kwamba tabasamu la hisia kwa kawaida hudumu kati ya theluthi mbili za sekunde na sekunde 4. Kwa kamera yangu hizo ni picha kama 7 hadi 40. Lenyewe ndani ya muda huo halitulii. Linapanda na kushuka kama maji. Linaloganda usoni kwa sekunde kumi, huku mwenyewe anazungumza na kuitikia, linashikiliwa na mtu. Mhudumu wa siku nzima analijua hili mwilini: jioni mashavu humuuma.

Liliondokaje? Hapa ndipo ninapopatazama kuliko pote, kwa kuwa watu hujifunza kuwasha na hakuna anayejifunza kuzima. La bandia hukatika, au hushuka kwa ngazi, linasimama katikati kisha linaanguka. La kweli huyeyuka. Wakati mzuri wa kuona ni pale mtu anapomalizana na wewe na kugeuka: akiagana mlangoni, akigeukia simu, akimwangalia wa pili. Usiondoe macho mapema kwa haya. Subiri nusu sekunde zaidi ya adabu inavyotaka.

Hatua ya 5: Kilitangulia nini, na nani alikuwa anaangalia

Mpiga picha wa judo Bob Willingham alikuwa Athens kwenye Olimpiki ya 2004, na picha zake za washindani alizichambua pamoja na mwanasaikolojia David Matsumoto. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Mara tu pambano la mwisho lilipoisha, wengi wa waliopata dhahabu walitabasamu. Wa shaba nao wengi walitabasamu. Wa fedha, hakuna hata mmoja. Ukifikiri kidogo inaeleweka: kwenye judo, shaba huipata kwa kushinda pambano lako la mwisho, fedha huipata kwa kulipoteza. Kisha wote wakapanda jukwaani kuvishwa medali, kukiwa na umati na kamera. Hapo wa fedha nao walitabasamu, lakini si kwa namna ile ile ya wenzao. Baadaye Matsumoto na Willingham walitazama picha za washindani wasioona kwenye Paralimpiki ya mwaka huo huo, wakiwemo waliozaliwa hawaoni na ambao hawajawahi kuona uso wa mtu yeyote. Nyuso zao zilifuata mkondo ule ule.

Kwa hiyo kabla ya kuusoma uso, uliza: muda mfupi uliopita kumetokea nini kwake? Tabasamu linalofuata baada ya pigo huwa na mzigo ndani yake, hata likiwa zuri kiasi gani.

Lakini usikurupuke kusema kwamba tabasamu la mbele ya watu ni maonyesho. Mwaka 1979 Robert Kraut na Robert Johnston waliwachunguza watu wakicheza boulingi, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira mzito. Mchezaji aliyeangusha vizuri hakutabasamu sana akiwa ameziangalia pini. Alitabasamu alipogeuka kuwatazama wenzake. Furaha ilikuwepo tangu awali. Tabasamu lilisubiri mtu wa kumpa. Hata mtoto wa miezi 10 hugawa: mama akimkaribia hutabasamu na macho yakahusika, mgeni akimkaribia hutabasamu pia, lakini kwa mdomo zaidi. Mtoto huyo hajawa mnafiki. Anapima tu.

Jambo jingine la kusikiliza hapa ni mpangilio wa uso na maneno. "Nimefurahi sana kukuona" ikitamkwa yote hadi nukta, ndipo tabasamu likafuata, inanifanya niwe macho. Hisia kwa kawaida hufika usoni kabla ya sentensi kukamilika.

Hatua ya 6: Tafuta kilichochanganyika nalo

Uso unaweza kubeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukishaona mdomo unatabasamu, pitisha jicho haraka sehemu nyingine.

Nyusi zikiwa zimepanda upande wa ndani, zikikutana juu katikati, kuna huzuni chini yake. Ekman na Friesen, mwaka 1982, walilipa tabasamu hili kundi lake, tofauti na la kweli na la bandia: la mtu anayemeza uchungu na wala hafichi kwamba anaumeza. Huyo hakudanganyi. Anakwambia "yamenifika, lakini nitavumilia", na kumwita mnafiki ni ukatili.

Nyusi zikishuka na kubanana huku midomo ikiwa myembamba, kuna hasira. Nyusi zikiwa zimepanda zote na mdomo umevutwa pembeni, hofu. Pua ikikunjika, kinyaa. Na pembe moja tu ya mdomo ikikaza na kunyanyuka, nyingine imelala, hiyo ni dharau, na ndiyo pekee kati ya hizi ambayo mimi huichukulia kwa uzito mkubwa. Adabu huvuta pande zote mbili.

Aibu ina sura yake, na watu huichanganya na uongo kila siku. Mwenye haya hutabasamu kisha huzuia, huangusha macho, hugeuza kichwa, pengine hugusa uso. Waswahili walisema uso umeumbwa na haya. Kukwepa macho kwa namna hiyo hakuna hila yoyote.

Hatua ya 7: Ondoa sababu nyingine kabla ya kuhukumu

Sindano za Botox, ambazo watu huchomwa ili kupunguza makunyanzi, zikichomwa pembeni mwa jicho hulegeza msuli wa duara. Mwenyewe anaweza kuwa anafurahi kweli na macho yake yasiseme. Kupooza uso kwa ugonjwa wa Bell huacha upande mmoja umelegea. Parkinson nimeitaja. Mwenye pengo, au meno asiyoyapenda, amejifunza tangu utotoni kutabasamu kwa midomo iliyofumba au kwa kiganja. Wapo pia watu wengi, wakiwemo wenye usonji, ambao hisia zao hazipiti usoni kwa njia niliyozoea mimi, na hazipungui kwa sababu hiyo. Mila nazo zinatofautiana hata mahali pa kutazama: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba Wajapani hutegemea zaidi macho kuusoma uso, Wamarekani zaidi mdomo.

Na kuna tarakimu moja ya kukupunguzia kiburi. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi za watu wanaojaribu kutambua nani anasema uongo na nani anasema kweli. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Sarafu ingekupa 50. Kusoma tabasamu si sawasawa na kukamata uongo, lakini anayedhani ana jicho la mahakama anapaswa kukaa na namba hiyo usiku mmoja.

Kanuni yangu ni kutosema chochote kwa alama moja. Nataka angalau tatu kutoka hatua tofauti: jicho halikuhusika, liligandishwa, likakatika. Na nataka kuziona zaidi ya mara moja.

Mazoezi ya wiki mbili

Siku za kwanza, tumia video ya mahojiano yoyote. Zima sauti, punguza kasi nusu. Usimtazame mgeni mkuu; mtazame yule anayemsikiliza, maana msikilizaji hujisahau. Kila tabasamu liandikie alama tatu: mwanzo, kukaa, mwisho. Halafu washa sauti uone kilichosemwa.

Kisha chukua picha zako mwenyewe, ishirini hivi. Hapa una faida usiyokuwa nayo kwa mtu mwingine: unakumbuka ulijisikiaje siku ile. Funika mdomo, soma macho, linganisha na kumbukumbu. Wengi hushtuka kugundua kwamba picha wanayoiweka mbele kila mahali ni ya siku waliyokuwa na njaa na wamechoka.

Wiki ya pili, toka na jicho lako kati ya watu, lakini chagua alama moja tu kwa siku. Leo ngozi ya chini ya nyusi. Kesho namna linavyoondoka. Ukijaribu zote kwa pamoja utaacha kusikia mtu anachokwambia, na atakuona umemkodolea.

Ukishaona, ufanye nini

Usimwambie mtu kwamba tabasamu lake ni la bandia. Hata ukiwa sahihi utakuwa umemvua nguo, na kuanzia hapo atajilinda.

Mimi hulichukulia kama mlango ulioegeshwa. Juzi mteja alikuja kupitia picha za mahafali ya mwanawe. Akazipitia, akaniangalia. "Zimependeza," akasema, kisha tabasamu likawaka, likakaa, likazimika alipoinamia mkoba wake. Zamani ningeshukuru, nikapokea malipo, nikabaki najiuliza kwa nini hakurudi tena. Nikamuuliza, "Kama ungeniambia niitoe moja, ungetoa ipi?"

Akasita. Akauweka mkoba chini, akavuta kiti karibu na skrini, akanirudisha kwenye picha ya tatu.